Bomba Lililopita Nyalenda

Maji mengi yanayotumika Kisumu huvutwa kutoka Ziwa Victoria pale Dunga, mwendo mfupi tu kutoka mtaa wa Nyalenda. Kwa miaka mingi yalisafishwa, yakasukumwa, yakapita karibu na milango ya Nyalenda yakielekea kwingine. Mkazi wa Milimani, mtaa wa wenye nazo, alifungua mfereji jikoni. Jirani wa mtambo wenyewe alingoja mkokoteni wa mitungi ya lita 20, na ukilinganisha mtungi kwa mtungi, yeye ndiye aliyelipa zaidi.

Chanzo cha kioja hiki ni mpaka. Reli kutoka Mombasa ilifika Ghuba ya Winam Desemba 1901, na kituo, ambacho leo ndicho Kisumu, kikaitwa Port Florence. Wakoloni waliupanga mji kwa rangi ya ngozi: Wazungu mlimani penye upepo, Wahindi madukani, Mwafrika nje ya mstari, aingie asubuhi kufanya kazi na jioni atoke. Hofu ya tauni ilitumiwa kuhalalisha mpango huo. Huduma zilifuata mstari, bomba la maji likiwemo.

Baada ya uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mpaka wa manispaa ulisukumwa nje ukameza Nyalenda, Manyatta na vijiji vingine vya pembezoni. Hapa mitaa ya Kisumu inatofautiana na Kibera ya Nairobi, na wageni wengi hulikosa jambo hili. Kibera ilikua juu ya ardhi ya serikali. Nyalenda na Manyatta ni ardhi ya familia za Kijaluo, yenye makaburi ya mababu uani na, kwa wengi, hati miliki sandukuni. Wenye boma walijenga vyumba vya kupangisha, wapangaji wakajaa, lakini hapakuwa na barabara zilizopimwa wala nafasi iliyoachwa kwa mabomba. Manispaa iliyotaka kuchimba mtaro ilibidi ipite katika uwanja wa mtu, kisha wa ndugu yake, kisha wa shangazi yake. Ilikuwa rahisi zaidi kutochimba.

Aliyekuwa na uwezo alijiunganishia mwenyewe. Mipira myembamba ya plastiki ilivutwa kutoka bomba kuu hadi ndani ya mtaa, mingine ikilala ndani ya mitaro ya maji machafu. Ikipasuka, uchafu uliingia. Ikitobolewa usiku, maji yaliuzwa na asiyejulikana. Wengine walitegemea visima vifupi, na hapo udongo ndio adui: udongo mweusi wa Kisumu hufura mvua ikinyesha, maji ya chini ya ardhi hupanda, na choo cha shimo kilicho hatua chache kutoka kisimani hufurika. Kipindupindu hakikuhitaji mwaliko.

Mageuzi yalianza na Sheria ya Maji ya 2002, iliyozitoa huduma za maji mikononi mwa manispaa na kuzikabidhi kwa kampuni. Kisumu ikapata kampuni yake ya maji, KIWASCO. Kampuni hiyo changa ilikuta sehemu kubwa ya maji yake hailipiwi, na Nyalenda hakuna aliyejua nani ameunganishwa na nani. Katikati ya muongo huo, kwa msaada wa shirika la SANA na wafadhili wa nje, ilijaribu njia mpya: ilaze bomba kubwa hadi mtaani, ifunge mita, halafu iuze maji kwa jumla kwa kikundi cha wakazi. Kikundi kinaweka amana, kinasambaza maji kwa nyumba na vioski, kinakusanya bili, kinaziba panapovuja. Mita kubwa ikisoma zaidi ya jumla ya mita ndogo, hasara ni ya kikundi.

Hesabu hiyo ilifanya ambalo askari wa kampuni hawakuliweza. Mwizi wa maji hakuwa tena anaibia ofisi ya mjini. Alikuwa anaibia kikundi cha majirani anaokutana nao kanisani. Na kuhusu njia ya bomba, wanakikundi walienda kwa mwenye boma kama majirani, wakaomba kupitisha bomba kando ya ua. Manyatta nako jumuiya ya Wandiege ilikuwa na maji yake kutoka kisima kirefu, ikiyasambaza yenyewe kwa mabomba.

Tusiimbe sifa kupita kiasi. Kikundi kinachonunua kwa jumla lazima kiuze kwa faida, na anayechota kioskini bado humlipa mtu wa kati ambaye Milimani hawamjui. Zipo nyakati bili za jumla hulimbikizwa, na uongozi wa kikundi hugeuka ugomvi wa koo. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haisemi kwamba haki hiyo ipatikane kwa bei ya juu kwa aliye maskini zaidi.

Na maji yakiingia, hutoka. Mto Auji hupita katika mitaa hii ukibeba maji ya kufulia, ya vyoo na taka za plastiki, ukishuka kuelekea vinamasi vya Dunga. Wavuvi na vikundi vya uhifadhi vya ufukweni wamepigania mafunjo yaliyoko huko, kwa sababu ya ndege wanaoleta watalii, kwa sababu ya samaki wanaozaliana humo, na kwa sababu mafunjo huchuja uchafu kabla haujafika ghubani, kule ambako mji huvuta maji yake ya kunywa. Ila mafunjo yana kikomo cha uchafu yanachoweza kumeza.

Mabomba ya maji taka yamebaki zaidi sehemu za mji wa zamani. Bomba la maji safi lenye upana wa kidole gumba linaweza kupinda kando ya ua kwa ruhusa ya jirani. La maji taka halipindi: linataka mteremko, kina na njia iliyonyooka, na fidia kwa kila boma linalokatwa. Kikundi cha wakazi hakina fedha hizo wala mamlaka hayo. Tangu 2013 huduma ya maji ni jukumu la serikali ya kaunti, na mazungumzo ya njia ya bomba hilo na wenye boma wa Nyalenda ni yake kuyaanza.