Alitia Dawa Maji ya Mji Mzima Bila Kuuliza Mtu

Ile harufu ya jiki kwenye ndoo ya kufulia unaijua. Basi dawa ya ukoo huohuo iliwahi kubishaniwa mahakamani kule Marekani, na kisa chake kina somo hadi leo.

Jersey City ilikuwa ikipata maji ya bwawa la Boonton kupitia kampuni binafsi. Shida ni kwamba juu ya bwawa kulikuwa na miji mingine, na majitaka yake yaliingia mtoni, hasa mvua kubwa ikinyesha. Jersey City ikaenda mahakamani: tuliahidiwa maji safi, haya siyo. Mahakama ikaitaka kampuni ijenge mifereji ya kuzuia majitaka hayo, au ilete njia nyingine itakayofanya maji yawe salama.

Daktari John L. Leal, mshauri wa kampuni, akaing'ang'ania hiyo "njia nyingine". Tarehe 26 Septemba 1908 akaanza kutia chokaa ya klorini kwenye maji ya mji mzima, bila kuomba ruhusa ya mahakama wala ya wanywaji. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo mno: chini ya gramu moja ya klorini kwa lita 1,000 za maji. Mwaka 1910 njia yake ikakubaliwa. Miji mingine ikaiga, na homa ya matumbo ikapungua sana.

Ila usishangilie mapema. Bakteria walikufa, lakini majitaka yaliendelea kuingia mtoni. Kuua vijidudu siyo kusafisha!

Hebu fikiria ukitia klorini kwenye majitaka ghafi. Haichagui adui: inamalizikia kwenye uchafu na amonia, huku bakteria waliojificha ndani ya chembe za kinyesi wakisalimika. Ndiyo maana kwenye mtambo wa majitaka uchafu mzito hutuamishwa kwanza, kisha vijidudu huachiwa wale unaobaki, na klorini huja mwishoni. Hata hapo, klorini iliyosalia inapaswa kuondolewa, kwa mfano kwa dioksidi ya salfa, maana huua samaki mtoni.

Leal aliokoa maisha ya watu, hilo halina ubishi. Lakini lile agizo la kwanza la mahakama halijazeeka. Kwa hiyo ukiambiwa maji yametiwa dawa, shukuru, halafu uliza: na majitaka yanaenda wapi?