Kisukari cha ujauzito: Hatari kwa mama haiishi mtoto anapozaliwa

KATIKA jamii nyingi humu nchini, mtoto anayezaliwa akiwa na uzani wa zaidi ya kilo 4 hupokewa kwa vigelegele. Jamaa na marafiki humpongeza mama kwa kujitunza vyema na kula akashiba. Ni nadra mtu kuuliza ni kwa nini mtoto akawa mkubwa kiasi hicho.

Hata hivyo, ukubwa huo huenda ukawa ishara ya kwanza, na pengine ya pekee, kwamba mama alikuwa na kisukari cha ujauzito bila kujua. Hata kwa yule aliyepimwa na kutibiwa, mara nyingi suala hilo husahaulika pindi anaporuhusiwa kwenda nyumbani na mwanawe.

Kusahau huko ndiko kunakowaponza wengi. Kisukari hiki aghalabu hutoweka baada ya kujifungua, lakini humwachia mama onyo linalopaswa kuzingatiwa kwa miaka mingi ijayo.

Kisukari cha ujauzito ni nini?

Hii ni hali ambapo kiwango cha sukari katika damu ya mja mzito hupanda kupita kiasi, ilhali hakuwa na kisukari kabla ya kushika mimba. Kwa kawaida hujitokeza katika nusu ya pili ya ujauzito.

Chanzo chake ni kondo la nyuma. Kiungo hicho, ambacho humlisha mtoto tumboni, hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini katika mwili wa mama. Lengo la maumbile ni jema: sukari ibakie kwenye damu kwa muda zaidi ili mtoto apate chakula cha kutosha.

Kwa wanawake wengi, kongosho hukabiliana na hali hiyo kwa kutengeneza insulini zaidi. Kongosho la mwanamke mwingine hushindwa kumudu mzigo huo, na sukari yake ikapanda. Kondo la nyuma linapotoka baada ya mtoto kuzaliwa, homoni hizo hupungua na sukari hurejea kuwa ya kawaida.

Kwa maneno mengine, ujauzito ni mtihani kwa kongosho. Aliyeanguka mtihani huo akiwa na umri wa miaka 28 amekwisha kuonyeshwa udhaifu ambao huenda ungejulikana akiwa na miaka 45 au 50.

Kwa mujibu wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari (IDF), mnamo 2021 takriban mtoto 1 kati ya kila 6 waliozaliwa hai ulimwenguni alitokana na ujauzito ulioathiriwa na ongezeko la sukari katika damu. Nyingi kati ya mimba hizo zilihusu kisukari cha ujauzito.

Walio katika hatari zaidi

Yeyote anaweza kupata kisukari hiki. Hata hivyo, uwezekano huo ni mkubwa zaidi kwa mwanamke mwenye unene wa kupindukia, aliyetimiza umri wa miaka 35 na zaidi, au aliye na mzazi au ndugu anayeugua kisukari.

Wengine ni wale waliowahi kujifungua mtoto mwenye uzani wa zaidi ya kilo 4, waliowahi kupoteza mtoto tumboni bila sababu kujulikana, na waliokuwa na kisukari hiki katika ujauzito uliotangulia.

Tatizo ni kwamba dalili zake si rahisi kutambua. Kiu, uchovu na kwenda haja ndogo mara kwa mara ni mambo ambayo mja mzito huyaona kuwa ya kawaida. Kwa sababu hiyo, kungojea dalili si busara. Njia ya pekee ya kujua ni kupimwa.

Upimaji

Kipimo hufanywa aghalabu kati ya wiki ya 24 na ya 28 ya ujauzito. Mama hufika kliniki asubuhi kabla ya kula chochote, akatolewa damu, kisha akapewa maji yaliyochanganywa na gramu 75 za glukosi anywe. Damu hutolewa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili.

Kwa mujibu wa vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vya 2013, mama huhesabiwa kuwa na kisukari cha ujauzito iwapo sukari yake kabla ya kula ni milimoli 5.1 hadi 6.9 kwa lita, au inafika 10.0 baada ya saa moja, au ni kati ya 8.5 na 11.0 baada ya saa mbili. Kiwango kikipita hapo, yaani 7.0 na zaidi kabla ya kula au 11.1 na zaidi baada ya saa mbili, hicho huhesabiwa kuwa kisukari kamili.

Upimaji wa mkojo pekee, ambao hufanywa katika kliniki nyingi, hautoshi. Mama anaweza kuwa na kisukari cha ujauzito na mkojo wake usionyeshe sukari yoyote.

Hatari wakati wa kujifungua

Sukari ya mama hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto, ilhali insulini ya mama haipiti. Mtoto hulazimika kutengeneza insulini yake kwa wingi, naye hunenepa. Hapo ndipo hutokea uchungu wa muda mrefu, mabega ya mtoto kukwama, mama kuchanika au kuhitaji upasuaji.

Mtoto naye huweza kushukiwa na sukari saa chache baada ya kuzaliwa, kwa kuwa sukari ya mama imekatika ghafla ilhali insulini yake ingali nyingi. Mama pia huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata shinikizo la damu na kifafa cha mimba.

Habari njema ni kwamba hatari hizo hupungua sana mama akitibiwa. Wengi hufaulu kwa kubadilisha lishe na kufanya mazoezi mepesi. Wachache huhitaji sindano za insulini au tembe za metformini.

Miaka inayofuata

Uhusiano kati ya kisukari hiki na afya ya baadaye ya mama si jambo jipya. Mnamo 1964, watafiti John O'Sullivan na Claire Mahan wa Boston, Marekani, walichapisha vigezo vya kwanza vilivyotumika kwa upana kutambua maradhi haya, baada ya kuwapima wajawazito 752. Vigezo hivyo viliteuliwa kwa kuangalia ni akina mama gani waliopata kisukari miaka ya baadaye. Hivyo basi, tangu mwanzo kipimo hiki kilikuwa cha kutabiri hatima ya mama mwenyewe.

Tafiti za karibuni zimethibitisha jambo hilo. Uchanganuzi uliochapishwa mnamo 2020 katika jarida la kitabibu la BMJ, uliojumuisha zaidi ya wanawake milioni 1.3, ulionyesha kwamba waliowahi kupata kisukari cha ujauzito walikuwa na uwezekano wa karibu mara 10 wa kupata kisukari cha aina ya pili wakilinganishwa na wenzao.

Moyo nao hausalimiki. Uchanganuzi mwingine wa 2019, uliohusu zaidi ya wanawake milioni 5, ulibaini kuwa uwezekano wa maradhi ya moyo na kiharusi huongezeka takriban maradufu. Hatari hiyo ilionekana hata kwa wale ambao hawakupata kisukari baadaye.

Aidha, karibu nusu ya wanawake hawa hupata tena kisukari cha ujauzito katika mimba inayofuata.

Kipimo kinachosahaulika

Wataalamu wanapendekeza mama apimwe tena kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua, kwa kunywa glukosi kama hapo awali. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hakifai sana wakati huo, kwa kuwa ujauzito na damu iliyopotea wakati wa kujifungua huvuruga matokeo.

Matokeo yakiwa mazuri, kazi haijaisha. Mama anafaa kupimwa kila baada ya mwaka 1 hadi 3, maishani mwake mwote.

Kinaya ni kwamba mama huyu hufika kliniki mara nyingi katika kipindi hicho. Kwa mujibu wa ratiba ya chanjo nchini Kenya, mtoto hupelekwa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, kisha miezi 9. Kila mara mtoto hupimwa uzani, hudungwa sindano na kuandikwa kwenye kijitabu, huku mama aliyembeba akirudi nyumbani bila kuulizwa lolote kuhusu sukari yake.

Si ajabu basi kwamba utafiti wa kitaifa wa STEPS wa 2015 ulionyesha kuwa takriban Wakenya 88 kati ya kila watu wazima 100 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari.

Mama anaweza kujisaidia kwa kuuliza mwenyewe. Katika ziara ya wiki ya 6, amwambie muuguzi: "Nilikuwa na kisukari cha ujauzito. Nahitaji kupimwa." Maneno hayo aandikiwe pia kwenye kijitabu cha kliniki, ili yeyote atakayemhudumia siku za usoni ayaone.

Maradhi yanaweza kuzuiwa

Kuwa katika hatari si sawa na kuhukumiwa. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kuchapishwa mnamo 2002 uliwahusisha watu 3,234 waliokuwa wakikaribia kupata kisukari. Waliopunguza takriban asilimia 7 ya uzani wao na kufanya mazoezi kwa dakika 150 kila wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Miongoni mwa wanawake waliowahi kupata kisukari cha ujauzito, hatari ilipungua kwa takriban nusu, iwe kwa njia hiyo au kwa kutumia metformini.

Dakika 150 ni sawa na kutembea kwa haraka nusu saa, siku 5 kwa wiki. Gharama yake ni jozi ya viatu.

Kunyonyesha nako ni kinga. Utafiti uliochapishwa mnamo 2015 ulionyesha kuwa akina mama walionyonyesha kwa muda mrefu na bila kuchanganya maziwa mengine walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupata kisukari katika miaka miwili iliyofuata.

Changamoto kubwa huwa chakula cha uzazi. Mzazi huletewa chai ya maziwa yenye sukari tele, uji uliotiwa sukari, soda na mkate, kwa imani kwamba vitaongeza maziwa. Kinachoongeza maziwa hasa ni kumnyonyesha mtoto mara kwa mara. Uji wa wimbi usiotiwa sukari, njahi, maharagwe, ndengu, samaki, mayai na sukuma wiki vinamtosha mama. Ugali, wali na chapati si haramu, bali kipimo chake kiwe kidogo na mboga ziwe nyingi.

Fauka ya hayo, ni vyema kupanga uzazi ili mwili upate nafasi ya kupumzika, na kupimwa sukari kabla ya kushika mimba nyingine. Sukari iliyo juu katika wiki za kwanza, wakati viungo vya mtoto vinapoumbika, huweza kumletea mtoto kasoro za kimaumbile.

Mume, mama mkwe na jamaa wengine wana wajibu wao. Mzazi hawezi kukataa peke yake chai tamu anayoletewa na nyumba nzima. Afadhali familia yote ibadilishe meza, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa katika hali hiyo naye yumo katika hatari kubwa zaidi ya kunenepa kupita kiasi na kupata kisukari akikua.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mama aliyewahi kuambiwa ana kisukari cha ujauzito, ufa umekwisha kuonekana. Kilichobaki ni kuuziba mapema, na hatua ya kwanza ni kipimo kimoja cha damu katika kliniki ile ile anakompeleka mwanawe.