Kijibwa cha Livingstone na mbwa wa nchi

Machi 1866, David Livingstone alishuka Mikindani akitokea Zanzibar. Msafara wake ulikuwa wa kushangaza: askari wa Kihindi, wanaume wa Nzwani, vijana waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India, pamoja na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda. Alikuwamo pia mbwa mmoja mdogo mwenye manyoya ya kujikunja, wa aina iitwayo poodle. Jina lake Chitane.

Siku hizi, kijana wa mjini akipakia kijibwa chake kwenye gari kwenda likizo, wazee hucheka na kusema hayo ni mambo ya juzijuzi. Kumbe si ya juzijuzi. Chitane alipita kandokando ya Ruvuma, kusini ya nchi tunayoiita leo Nachingwea na Ruangwa, zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Njia ile haikuwa ya matembezi. Watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa walipitishwa kusini hii kupelekwa Kilwa na bandari nyingine za pwani. Mwezi Juni Livingstone aliandika kwamba amemkuta mwanamke aliyekufa akiwa amefungwa shingo kwenye mti, kwa sababu alishindwa kuendelea na mwendo. Jina la mwanamke yule hatulijui. La mbwa tunalijua.

Chitane hakufika mbali sana. Januari 1867, katika kinamasi kilichoko Zambia ya leo, maji yalifika kiunoni na upana wake ulikuwa kama kilomita moja na nusu. Livingstone alitangulia, bila kutoa agizo lolote kuhusu mbwa. Watu wake, kila mmoja akihangaika asianguke, hawakumkumbuka. Chitane aliogelea mpaka nguvu zikamwishia, akazama. Bwana wake aliyaandika hayo kwa uchungu, akamsifu: alikuwa akikimbia kutoka mtu wa kwanza hadi wa mwisho kuhimiza safari, na alikuwa na moyo kuliko mbwa mia wa nchi hii.

Mbwa wa nchi. Hapo ndipo sifa inapogeuka kuwa dharau. Mbwa wa Wamwera na Wamakonde hawakuwa wasafiri wa kubebwa, lakini walikuwa na kazi: kulinda mashamba dhidi ya ngedere na nguruwe, kuwinda porini, kubweka usiku fisi anaposogea. Tena waliihimili nchi. Mbwa wa kigeni walikufa upesi. Omar, mbwa mlinzi wa Henry Morton Stanley, alifia kwenye kinamasi cha Makata mwaka 1871, kabla msafara haujafika hata Ugogo.

Baadaye usafiri ulibadilika. Mpango wa Karanga ulioanza 1947 uliigeuza Nachingwea kuwa mji wa wageni na matrekta, na reli ya kusini ikafika hapo 1949. Mpango ukaachwa 1951. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, ikang'olewa. Toka hapo, mtu wa Nachingwea au Ruangwa anayekwenda Dar es Salaam anategemea barabara, na barabara maana yake ni basi.

Ndani ya basi mbwa ana kesi ya kujibu. Lindi ni mkoa wenye Waislamu wengi wa madhehebu ya Shafii, ambayo mate ya mbwa ni najisi: yakigusa chombo, kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa ulinzi na wa kuwinda wameruhusiwa, lakini kukaa naye kiti kimoja ni jambo jingine. Abiria anayelalamika si mshamba. Ana hoja yake, na mwenye mbwa anapaswa kuijua kabla ya kukata tiketi.

Hoja ya pili ni kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana mbwa anayesafirishwa anahitaji cheti cha chanjo na kibali cha afisa mifugo. Kuanzia 2010 mikoa ya kusini mashariki, Lindi na Mtwara ikiwamo, iliingizwa kwenye kampeni kubwa ya kuchanja mbwa. Hesabu yake ni rahisi: wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia ya kuenea.

Hesabu hiyo haibagui. Poodle mmoja aliyechanjwa Masaki haukingi mji; wanaoukinga ni mbwa wa nchi, wale wanaoburutwa kwa kamba na watoto hadi uwanja wa shule, wakibweka na kugombana foleni nzima. Safari yao ni fupi, na hakuna anayeiandika kwenye shajara. Lakini ndiyo inayomwezesha kijana wa mjini kuja likizo na kijibwa chake, na mtoto wa Ruangwa kwenda shule bila kuogopa kila mbwa anayekatiza njia.