M-Pesa ilikuwa ya nani?

Kwenye kipindi kilichopita nilisema juu juu tu kwamba M-Pesa "haikuwa yetu", na wengi mmenijia juu. Haya, ngoja nieleze taratibu.

Ubishi wenyewe ulianzia hapa Azaiba, kwa ami, Ijumaa baada ya chakula. Binamu yangu wa Mombasa alikuwa anatamba: dunia nzima imejifunza kutuma pesa kwa simu kutoka kwetu. Mimi kazi yangu ni mikataba ya leseni, basi nikashindwa kunyamaza.

M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom Machi 2007, ndiyo. Lakini iliasisiwa ndani ya Vodafone, Uingereza, kwa msaada wa fedha za serikali ya huko. Jina na mfumo vikabaki mali ya Vodafone. Safaricom ilitumia kwa leseni na kulipa mrabaha, yaani fungu la mapato, kila mwaka. Vodacom Tanzania ikafuata 2008. Hata kompyuta zilizohesabu pesa za Wakenya zilikuwa Ujerumani mpaka 2015.

Leseni ni biashara kubwa kwenye simu. Mnaikumbuka Nokia ya bibi? Nokia iliiuzia Microsoft kitengo chake cha simu mwaka 2014, lakini hataza zake, yaani haki za uvumbuzi, ikabaki nazo, na watengenezaji wengine wanailipa mpaka leo.

Sasa, mbona Vodafone haikuwazuia wapinzani kwa hataza? Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001 haitoi hataza kwa mbinu za kufanya biashara. Wazo la kutuma pesa kwa simu halikuwa na mwenyewe. Zain, kampuni ya Kuwait, jirani zetu kabisa, ikaleta Zap mwaka 2009. Haikufua dafu, na mwaka uliofuata Zain ikauza biashara yake ya Afrika, karibu yote, kwa Bharti Airtel ya India.

Kwa maoni yangu, kilichowabana wapinzani hakikuwa teknolojia. Ni mawakala. Mkataba ulimfunga wakala wa M-Pesa asihudumie mtandao mwingine. Wewe una Zap, duka lipo mlangoni kwako, na mwenye duka haruhusiwi kukupa pesa zako! Kifungo hicho kiliondolewa 2014 tu, baada ya mamlaka ya ushindani ya Kenya kuingilia kati. Wakati huo M-Pesa ilishatangulia miaka saba.

Binamu akaniuliza kwa nini naona raha kumnyang'anya kitu chake. Swali lilinichoma. Sisi tunaoulizwa kila siku "nyinyi wa wapi hasa?" tungepaswa kujua uchungu wa kuambiwa chako si chako. Nikamwambia mawakala, wateja, mazoea ya kutuma, vyote hivyo vilijengwa na watu wa kwao, na mkataba haukuviandika popote.

Kisha nikampa habari njema: Aprili 2020 Safaricom na Vodacom walikamilisha kuinunua chapa ya M-Pesa kutoka Vodafone.

"Si nilikwambia!" akapiga goti lake.

"Na Vodacom ni ya nani?" nikauliza.

Hisa zake nyingi ni za Vodafone. Ami akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanzu.