Zamu ya Kuteua na Haki ya Kuonekana

Mwaka 1954 Léon Mokuna aliondoka Kongo ya Kibelgiji kuichezea Sporting ya Lisbon. Mwaka 1957 Paul Bonga Bonga akaingia Standard ya Liège. Timu za Ulaya zilichagua wale waliokwisha kusifika katika kabumbu ya mijini. Marekani ilipanga zamu: timu mpya au dhaifu hutangulia kuteua vijana, aghalabu wanafunzi wa vyuo vikuu. Hivyo ndivyo Seattle Sounders ilivyomteua Steve Zakuani, mzaliwa wa Kinshasa, mwaka 2009. Lakini zamu hiyo husawazisha timu, wala si vijana. Kijana wa Itebero, wilayani Walikale, hata awe hodari namna gani, hateuliwi asipoonekana kwanza.