Nusukipenyo cha ioni

Maji ya bahari yanayopiga ukuta wa Forodhani, Mji Mkongwe, yakikaushwa juani hubakiza chumvi. Sehemu kubwa ya chumvi hiyo ni sodiamu na klorini, lakini zimo kama ioni, si kama atomi. Ioni ni atomi iliyopoteza au kupata elektroni, na ukubwa wake hutofautiana na wa atomi iliyoizaa. Ukubwa huo hupimwa kwa nusukipenyo cha ioni.

Kipenyo hukata tufe kupitia kitovu. Nusukipenyo ni umbali kutoka kitovuni hadi ukingoni. Wapo wanaosema “rediasi”, na wanaeleweka. Neno “nusukipenyo” lina faida moja: anayejua kipenyo hahitaji kufafanuliwa.

Nusukipenyo cha atomi ya sodiamu katika metali yake ni pikomita 186 hivi, na pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita. Ikipoteza elektroni moja, hubaki na 102. Elektroni iliyoondoka ndiyo pekee iliyokuwa katika ganda la tatu, hivyo ganda hilo halina kitu tena, na protoni 11 sasa zinavuta elektroni 10 tu. Klorini huenda kinyume: kutoka 99 hufika 181. Protoni zake ni zilezile 17, lakini elektroni ni 18, nazo husukumana na kutanuka.

Chembe ya chumvi inathibitisha hesabu hiyo. Ndani yake kila ioni ya sodiamu imezungukwa na sita za klorini, na eksirei huonyesha kwamba kutoka kitovu cha moja hadi cha jirani yake ni pikomita 282. Jumlisha 102 na 181, utapata karibu hiyohiyo.

Maji hayohayo yana pia magnesi, na floridi kwa uchache. Ioni za floridi, sodiamu na magnesi zote zina elektroni 10, ila protoni ni 9, 11 na 12. Nusukipenyo chake ni 133, 102 na 72. Elektroni hazikubadilika, kilichoongezeka ni mvuto wa kiini.

Kwa hiyo mwalimu au mwandishi asiishie kwenye “nusukipenyo cha sodiamu”. Aseme ni cha atomi au cha ioni, maana baina ya 186 na 102 kuna tofauti inayoharibu jibu zima.