Uwanja mmoja, waombaji wengi: kutoka Kinshasa ya 1959 hadi Rugabo ya 2022

Katika miji yetu uwanja wa mpira haukosi ugomvi. Timu mbili zina mechi Jumapili moja. Kanisa limekwisha kubandika matangazo ya kampeni ya injili. Chama cha siasa kinataka kufanya mkutano. Shule zinahitaji mahali pa kujiandalia defile. Na katika miaka hii ya vita, familia zilizokimbia zinafika na magodoro kichwani, hazina pengine pa kulala. Wote wanauliza swali moja: leo uwanja ni wa nani?

Swali hilo halikuzaliwa jana. Limeacha alama katika historia ya nchi yetu, na limesumbua hata miji tajiri ya Ulaya. Tuifuate historia hiyo, maana ndani yake kuna fundisho kwa timu zetu na kwa wahami wa vita.

Jumapili moja, mikusanyiko miwili

Mpira wa Kinshasa, wakati ule Léopoldville, ulipangwa kwa sehemu kubwa na padri Mbelgiji wa shirika la Scheut, Raphaël de la Kethulle. Watu walimwita Tata Raphaël. Mwaka 1952 ulifunguliwa uwanja mkubwa ambao yeye aliupigania. Ukapewa jina la Mfalme Baudouin. Timu kubwa za mji, kama Vita Club na Daring, zote zilicheza hapo. Kalenda ilipangwa na wakubwa wa mpira, na wakubwa wa mpira walikuwa karibu na wakubwa wa koloni. Timu haikuwa na sauti sana.

Jumapili ya tarehe 4 Januari 1959, chama cha ABAKO cha Joseph Kasa-Vubu kilitaka kufanya mkutano kwenye nyumba ya YMCA, si mbali na uwanja. Ruhusa haikutolewa. Watu walifika hata hivyo, wakaambiwa warudi nyumbani. Saa zile zile, maelfu ya mashabiki walikuwa wakitoka uwanjani, na wale wa Vita Club walikuwa na hasira ya kushindwa. Mikusanyiko hiyo miwili ikakutana barabarani. Machafuko yakaenea katika mitaa ya weusi, askari wakafyatua risasi, na makumi ya watu wakafa. Tarehe 13 Januari Mfalme Baudouin, yule yule mwenye jina la uwanja, alitangaza kwamba Kongo itapewa uhuru. Mpaka leo tarehe 4 Januari ni sikukuu ya mashahidi wa uhuru.

Tusikosee hapa. Mechi haikuleta mapinduzi. Watu walikuwa na uchungu wa miaka mingi. Lakini wenye mamlaka waliangalia mkutano peke yake na mechi peke yake, bila kufikiri kwamba watu wa huku na wa kule watapita barabara moja jioni ile. Anayepanga saa za uwanja anapanga pia usalama wa mtaa.

Ngumi zilizoahirishwa na muziki usioahirishwa

Mwaka 1967 uwanja ule ukabadilishwa jina, ukaitwa 20 Mai, siku ya manifesto ya chama cha MPR. Mwaka 1974 Mobutu aliukarabati kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5. Tarehe iliyowekwa ilikuwa 25 Septemba, na tamasha kubwa la muziki lilipangwa siku chache kabla yake, ili wageni waje kwa mambo yote mawili kwa safari moja.

Kisha Foreman akachanika juu ya jicho akiwa mazoezini. Pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba. Na wanamuziki je? James Brown, B.B. King, Miriam Makeba na wengine walikuwa na mikataba yao na tarehe zao. Tamasha lilifanyika kama lilivyopangwa, kuanzia 22 hadi 24 Septemba, wakati wageni wengi wa ngumi hawakuwepo. Ali na Foreman walipanda ulingoni wiki tano baadaye, karibu saa kumi za usiku, kwa sababu televisheni ya Marekani ilitaka saa za jioni za kwao. Ali alishinda raundi ya 8, na muda mfupi baadaye mvua kubwa ikanyesha.

Mambo mawili yako wazi hapa. La kwanza, mkataba wa tukio moja hauwezi kuusogeza mkataba wa tukio lingine, hata kama vyote viko uwanja mmoja. La pili, aliyetoa makuta mengi ndiye aliyechagua saa. Wenyeji walipanga uwanja, lakini saa ilipangwa ng'ambo ya bahari.

Uwanja ukawa mkubwa, foleni ikabaki

Kinshasa ikafikiri dawa ni uwanja mkubwa zaidi. Wachina walisaidia kuujenga, ukazinduliwa mwaka 1994 kwa jina la Kamanyola, mji wetu wa bonde la Ruzizi ambako jeshi la Mobutu lilipigana katika miaka ya 1960. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, ukaitwa Stade des Martyrs, kwa heshima ya Évariste Kimba na wenzake watatu walionyongwa hadharani mwaka 1966, majira ya Pentekoste. Uwanja wa zamani nao ukapewa jina la Tata Raphaël.

Watu 80,000 waliweza kuingia. Lakini ni wa Leta, na mali ya Leta ina waombaji wengi. Vita Club na Motema Pembe wanacheza hapo. Leopards wanacheza hapo. Tarehe 29 Oktoba 2022 Fally Ipupa aliimba hapo, na watu 11 walikufa katika msongamano. Tarehe 2 Februari 2023 Papa Francis alikutana hapo na vijana. Mwaka huo huo, Julai na Agosti, ikaja Michezo ya Francophonie. Kila mara tukio kubwa linapokuja, ni timu inayoambiwa isubiri. Nyasi zinakanyagwa, viti vinavunjika, na Jumapili inayofuata kocha anaulizwa kwa nini wachezaji wake hawapigi pasi nzuri.

Haya si kusema tamasha au ibada ni kosa. Uwanja wa watu wote ni wa watu wote. Shida ni pale timu isipokuwa na haki yoyote iliyoandikwa. Inapewa tarehe kwa barua au kwa simu, na tarehe hiyo inaondolewa kwa simu nyingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya uwanja nayo ni mali.

Mazembe alijenga, Inter alipangisha

Lubumbashi ilichukua njia nyingine. Kwa miaka mingi TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo walitegemea uwanja wa mji, unaoitwa leo Frédéric Kibassa Maliba. Mazembe alipopata nguvu chini ya Moïse Katumbi, alijenga uwanja wake Kamalondo. Ulifunguliwa mwaka 2011, na unachukua watu wapatao 18,500. Ni mdogo, lakini hakuna wa kumwambia Mazembe kwamba Jumapili kuna mkutano.

Kumbukeni kilichotangulia. Tarehe 18 Desemba 2010 huko Abu Dhabi, Mazembe alicheza fainali ya klabu za dunia, akafungwa na Inter ya Milano 3-0. Sote tulidhani Inter ni tajiri katika kila jambo. Lakini Inter hakuwa na uwanja wake. Alikuwa mpangaji wa mji wa Milano, tena akigawana uwanja na mpinzani wake mkubwa, AC Milan.

Uwanja huo, San Siro, ulifunguliwa mwaka 1926, ukijengwa na Piero Pirelli, rais wa Milan wakati ule. Mji uliununua mwaka 1935. Inter aliingia mwaka 1947. Tangu hapo mafahali wawili wamekaa zizi moja. Wamewezaje? Kwa karatasi. Mkataba wao wa mwisho na mji ulikuwa wa miaka 30, hadi Juni 2030. Timu mbili ziliunda kampuni moja ya kuendesha uwanja, zikawa zinalipa mji kodi ya mamilioni ya euro kila mwaka. Kalenda ya ligi inapangwa ili wasiwe nyumbani wote wawili siku moja. Wakikutana wao kwa wao, inajulikana nani mwenyeji na nani mgeni, na tiketi zinafuata hapo. Mwaka 2003 walikutana katika nusu fainali ya Ulaya. Wakatoka 0-0, kisha 1-1, mechi zote mbili katika uwanja ule ule. Milan akapita kwa bao la ugenini! Aliitwa mgeni mahali alipozoea kulala. Watu walicheka, lakini hakuna aliyechoma uwanja, kwa sababu kanuni ilijulikana kabla ya mpira kuanza.

Hata hivyo karatasi haikumaliza kila kitu. Sherehe ya kufungua Olimpiki ya baridi ilipangwa San Siro tarehe 6 Februari 2026, na Milan alikuwa na mechi ya nyumbani na Como siku hizo hizo. Wakubwa wakafikiria kuipeleka mechi hiyo hadi Perth, Australia! Mashabiki walinung'unika, na Desemba 2025 mpango ukavunjika. Mwezi mmoja kabla, tarehe 5 Novemba 2025, timu mbili zilikuwa zimenunua uwanja kutoka kwa mji kwa euro milioni 197, zikitaka kujenga mpya kando yake. Baada ya miaka mingi ya kuwa wapangaji, wamechoka kuomba.

Timu zetu za Kivu haziwezi kufuata njia ya Mazembe wala ya Milano kesho. Hazina makuta hayo. Lakini karatasi inawezekana hata kwa maskini.

Karatasi iseme nini?

Ukichukua historia hiyo yote, mkataba mzuri wa uwanja wa Leta unajibu maswali machache. Nani mwenye uwanja, na nani anayetia sahihi kwa jina lake? Timu inapewa siku gani za mechi na saa ngapi za mazoezi? Inalipa kiasi maalum, au sehemu ya mapato ya mlangoni? Nani anakata nyasi, nani analipa mafuta ya jenereta, nani anatengeneza ukuta ukianguka? Tarehe ikiondolewa, timu inaambiwa siku ngapi mbele, na inapewa nini badala yake? Na kalenda inabandikwa wapi ili kila mtu aione?

Swali hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo linalozuia rushwa. Kalenda ikikaa mfukoni mwa mtu mmoja, tarehe inauzwa. Ikibandikwa mlangoni, hata mtoto anayeokota mipira anaweza kusema: leo ni zamu yetu.

Vita ikiingia uwanjani

Kuna swali moja ambalo mikataba ya Milano haiulizi, lakini hapa Kivu hatuwezi kulikwepa. Vita ikija, uwanja ni wa nani?

Mwaka 2022, mapigano yalipowafukuza watu wa upande wa Jomba na Bunagana, familia nyingi zilikimbilia Rutshuru-centre na kupiga kambi katika uwanja wa Rugabo. Mama walipika pale vijana walipokuwa wakicheza mpira. Mpira ukasimama, na ilikuwa haki usimame. Mtoto anayelala nje ana haki kuliko mechi. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo vita ikafika Rutshuru yenyewe. Wale wale wa Rugabo wakabeba mizigo tena, wengi wakaelekea Kanyaruchinya, karibu na Goma. Goma yenyewe ilichukuliwa mwishoni mwa Januari 2025, na tarehe 6 Februari 2025 uwanja wa Unité ukatumika kwa mkutano wa AFC/M23. Kila mara mwenye nguvu wa siku hiyo ndiye aliyeushika ufunguo.

Mhami wa vita na kijana wa timu ndogo wanafanana katika jambo moja: wote wawili wako uwanjani bila karatasi. Kijana anaondolewa kwa ajili ya tamasha, mhami anaondolewa kwa ajili ya mechi, na wote hawaelezwi waende wapi. Kisha wanaanza kulaumiana. Vijana wanasema wahami wameharibu uwanja. Wahami wanasema vijana hawana huruma. Wakati huo aliyepaswa kupanga amekaa kimya.

Kwa hiyo mtaa unaoandika kanuni za uwanja wake uongeze ibara moja ya dharura. Iseme kwamba familia zikikimbilia hapo zitapokelewa, na mpira utasimama. Iseme nani atatafuta mahali pengine, maji na vyoo, ili uwanja usigeuke makao ya miaka. Iseme kwamba hakuna familia itakayoondolewa kabla ya kuonyeshwa mahali pa kwenda, na isipewe saa chache tu za kufunga mizigo. Na iseme pia kwamba watoto wa wahami wana zamu yao ya kucheza, kwa kuwa nao ni watoto wa mtaa kwa muda wote watakaokuwepo.

Ibara kama hiyo haihitaji dola milioni 5 wala euro milioni 197. Inahitaji chifu, viongozi wa timu, wawakilishi wa wahami na wachungaji waketi nusu siku, waandike, watie sahihi, na wabandike mlangoni. Wasikilizaji mnaokaa karibu na kiwanja, ulizeni wiki hii: kalenda iko wapi, na jina la nani liko chini yake? Kama hakuna anayejibu, basi kazi yenu ya kwanza mmeijua.